Mahali Chanjo Inapovuja

Ninyi mnaovaa sare nyeupe sasa hivi huku Ziwa Nyasa, wengi wenu mmepangiwa kutoka Tanga, Shinyanga na kwingineko, na najua mnakutana na nini kwa sababu mnanifuata kuniuliza. Mnaniuliza kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mnaniuliza nikitoka kanisani. "Mama, watu wanasema kirusi kimeshajibadilisha na chanjo ni ile ile, sasa wachanjwe ya nini? Tuwajibu vipi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja nikiwa nimesimama na debe la mahindi kichwani, kwa hiyo nimeamua kuandika. Mkinisoma, someni mmekaa, maana mimi nikianza huwa simalizi haraka.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne, karibu yote katika zahanati moja ya ufukweni, mbele kidogo ya Liuli. Mimi si mtu wa ziwani. Ni Mmatengo wa Mbinga, nimezaliwa kwenye baridi ya milimani, kwetu tunalima ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Kuogelea sijui mpaka leo. Watu wa hapa waliniita Nesi wa Milimani, na walipotaka kunitania, yaani kila siku, waliniuliza kama kwetu samaki nao tunawapanda kwenye ngoro.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo sina cha kuwafundisha. Chanjo ya korona ilipofika kwetu mara ya kwanza ilikuwa ya sindano moja. Jumapili moja niliomba nafasi wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya waumini. Kila mtu alikuwa na lake. Huyu amesikia itamnyima uzazi, yule ameonyeshwa kwenye simu mkono uliochanjwa ukinasa sarafu. Nilijibu, nikajibu, nikachoka. Joto lilikuwa kali na kwenye kisanduku changu cha baridi kulikuwa na chupa ambazo sikutaka zirudi zahanati bila kutumika. Ndipo nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu, "Ndugu zangu, ni sindano moja tu. Ukichomwa umemaliza. Korona hutaisikia tena."

Kwenye karatasi tulizopewa semina maneno hayo hayakuwemo. Niliyatunga mwenyewe palepale, na yalifanya kazi vizuri mno. Mzee Danstan, ambaye ni mzee wa kanisa na mwenye boti, alinyanyuka kwenye benchi lake, akatoka nje hadi barazani, akavuta kiti mpaka mahali ambapo kila mtu angemwona, akapandisha mkono wa shati. Alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, na alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Baada yake nilipata foleni ambayo sijawahi kuipata tena.

Lazima mumjue huyu mzee. Nilipoanza kazi, barabara ya kwenda vijiji vya upande wa Mbaha ilikuwa ikifa kabisa wakati wa masika, na chanjo za watoto zilikwenda kwa boti ya Mzee Danstan au hazikwenda. Siku yangu ya kwanza nilifika mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, nimekumbatia kisanduku cha chanjo. Mzee, wakati huo bado mtu wa makamo, alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka mapajani. Kabla hatujaondoka alitutangazia abiria wote. "Boti yangu inavuja hapa, na hapa karibu na injini. Kopo la kuchotea maji ni hili. Atakayekaa hapa, kazi yake ni kuchota. Asiyetaka ashuke sasa, nikishaondoka sirudi."

Nilitaka kushuka, nisiwafiche. Pembeni palikuwa na boti nyingine, imepakwa rangi mpya ya bluu, na mwenyewe alikuwa anaapa kwamba haliingii hata tone. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili mapajani kwa nini hatupandi ile.

"Ile nayo inavuja," akasema. "Ila yule hasemi wapi."

Nikakaa. Na kwa sababu nilikuwa mgeni, nilisukumiwa kwenye nafasi ya kuchota maji, nikachota njia nzima, kisanduku kimebanwa katikati ya miguu. Nafasi hiyo ikawa yangu miaka yote iliyofuata. Mzee hakuwahi hata siku moja kuondoa boti ufukweni bila kuyasema maneno yale, tuwe peke yetu au tuwe na mkubwa kutoka wilayani.

Safari hiyo hiyo ya kwanza niliharibu chanjo. Mtoto wa Mbinga nimeshuka ziwani, nikaliona lile joto, nikaogopa kwamba dawa zitapikika. Nikajaza barafu iliyoganda kama jiwe, moja kwa moja kutoka kwenye friji, na chupa nikazilaza juu yake. Tulipofika nilitikisa chupa moja kama nilivyofundishwa na Nesi Bernadeta, mkuu wangu wa kwanza, nikaona ndani kuna mapande yanayoshuka chini kama machicha ya nazi. Zilikuwa zimeganda, na chanjo ya namna ile ikishaganda haina kazi. Akina mama wasiopungua arobaini walikuwa wamekaa wananisubiri. Nikawaambia, "Nimeziharibu mimi. Niliweka barafu vibaya. Naomba mrudi wiki ijayo." Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, kisha wiki iliyofuata wakaja wote. Barafu iacheni nje kwanza ianze kutoa jasho ndipo mpange chupa, na msione haya kutikisa. Lakini ninachotaka mwone hapa ni kwamba nikiwa na miaka ishirini na sita niliweza kusema nimekosea bila kupepesa macho. Nilipofika hamsini na nane, nina cheo na heshima, kinywa kikawa kizito.

Turudi kwenye korona. Miezi ilipita, redio zikaanza kutangaza kwamba kirusi kimejibadilisha na wimbi jingine linakuja. Likaja. Mzee Danstan akaugua, homa na kikohozi, siku nane hajakanyaga mwaloni. Hakupelekwa hospitali na hakukosa pumzi, siku ya tisa alikula ugali wake akamaliza. Mimi niliyaona hayo nikashukuru. Watu waliopita kumjulia hali waliona kingine. Mtu wa kwanza kuchanjwa ndiye anayekohoa.

Mbaya zaidi, katika siku hizo hizo sisi wa zahanati tukaletewa maelekezo kwamba waliochanjwa warudi kupata dozi ya nyongeza. Nilipeleka habari hiyo mwaloni mwenyewe. Mzee Danstan alikuwa ndiyo kwanza amepona, amekaa juu ya ukingo wa boti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Nesi, uliniambia nimemaliza. Basi nimemaliza." Na hakuna aliyekuja kuchanjwa.

Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini Upendo, mkwewe, mke wa mwanawe mdogo, alikuwa na mtoto wa miezi tisa aliyetakiwa kupata sindano ya surua, na siku ya kliniki hakuonekana. Nilipomfuata nyumbani alinisalimia vizuri na kunipa kigoda. Kisha akasema, "Mama, ile ya babu uliiapia. Hii ya mtoto nitajuaje?" Wiki iliyofuata wenzake wawili nao hawakuja. Halafu wanne.

Hapo niliogopa kweli. Ninyi wengi wenu surua mmeisoma darasani. Mimi niliiona mwaka wangu wa pili kazini. Kuna nyumba moja iliyokuwa na watoto watatu, nilipowasili na dawa za macho alikuwa amebaki mmoja, na huyo mmoja hakuona vizuri tena. Sitaendelea kusimulia. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu, na nikajiambia kwamba siondoki hapa nikiacha watoto hawajachanjwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikaanza kuhangaika, na mwanzoni nilihangaika kijinga. Asubuhi moja nilikwenda kwa wavuvi wakati wanachambua nyavu, njia nzima nimejitungia mfano. Nikawaambia, "Kirusi kilichobadilika ni kama samaki aliyebadilika umbo. Wavu wa mbasa, yule samaki mkubwa, utaachia usipa, hawa dagaa, wapite, lakini wakubwa utawanasa."

Kijana mmoja akaweka wavu chini. "Nesi, wavu wa mbasa ukitupa penye usipa hupati wakubwa wala wadogo. Unarudi na maji."

"Na usipa tunawavua kwa taa," akasema mwenzake. "Sasa hiyo chanjo taa yake iko wapi?"

Wa tatu akamalizia, "Mwacheni Nesi. Wavu anaoujua yeye ni chandarua alichotugawia."

Walicheka, nami nikacheka, maana pale pale mchangani palikuwa na vyandarua vyangu viwili vimeunganishwa kwa uzi, vinanuka usipa. Nilirudi zahanati mikono mitupu. Ushauri wangu ni huu, msichukue kazi ya mtu mkaitumia kumfundishia wakati hamuijui. Atashughulika na makosa ya mfano wenu, hoja yenu ataiacha mchangani.

Kwa Mzee Danstan nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alinikaribisha ugali na samaki wa mbufu, tukazungumza habari za upepo. Mara ya pili tukazungumza habari za upepo bila mbufu. Mara ya tatu nilimkuta ameipindua boti, anaziba nyufa kwa pamba na lami.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Nesi. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Na nisipofanikiwa leo nitakuja kesho."

"Najua. Wamatengo mna shingo ngumu." Akagonga pamba mara mbili tatu, kisha akauliza bila kunitazama, "Umepanda boti hii tangu lini?"

"Tangu sijaolewa."

"Uliwahi kunisikia nikisema haivuji?"

"Hapana."

"Hata mbele ya bwana afya? Hata siku ile tulipombeba askofu?"

"Hapana, Mzee."

Akaweka nyundo chini. "Sasa wewe ulinipandisha kwenye yako ukaniambia haivuji. Nikaingia wa kwanza, watu wangu wakanifuata. Maji yalipoanza kuingia sikujua hata kopo liko wapi."

Nilikaa kwenye mchanga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu na mimi nilikuwa nimekaa kwenye nafasi ya kuchota maji zaidi ya miaka thelathini bila kujifunza kitu.

"Inavuja," nikamwambia. "Hata siku ile nilijua inavuja."

"Wapi?"

"Homa na kikohozi vinaweza kukupata ukiwa umechanjwa, hasa kirusi kikijibadilisha. Na nguvu yake inapungua miezi ikienda, ndiyo maana wanaongeza nyingine. Inaposhika vizuri zaidi ni pale pa hatari, pa kukosa pumzi na kulazwa."

"Kwa hiyo bila ile sindano ningekufa?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijui, Mzee. Najua una kisukari, na ugonjwa huu unawaonea watu wenye kisukari. Lakini siwezi kukuapia kwamba ungekufa."

Alichukua nyundo yake. Akaziba ufa mmoja mpaka mwisho, nami nikamsubiri. "Hayo," akasema, "ungekwenda kuyasema kule ulikoyasemea yale."

Hakuniahidi kwamba atakuja. Katekista naye alisita nilipomwomba nafasi ya matangazo. Aliuliza kama sioni kwamba nitawaharibia watu imani zaidi. Nikamjibu kwamba imani nilishaiharibu na sasa nataka kuona kama kuna kilichobaki.

Jumapili ile nilisimama palepale pa mwanzo. Niliwaambia, "Mara ya mwisho niliposimama hapa nilisema ukichomwa umemaliza. Sikuwa na ruhusa ya kusema hivyo na haikuwa kweli." Kisha nikawaambia yote niliyomwambia Mzee, inapovuja na inaposhika.

Upande wa akina mama mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo ulitudanganya?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilitaka mchanjwe, nikaapa nisichokijua. Na leo nawaambia sijui kirusi hiki kitajibadilisha mara ngapi. Sijui kama dozi hii itakuwa ya mwisho. Nikipata habari nitakuja kuwaambia hapa hapa, hata kama ni mbaya."

Ibada ilipoisha nikatandika kitambaa kwenye meza barazani, nikaweka visanduku viwili, cha korona na cha watoto, nikakaa. Watu wakapita wakisalimiana. Nusu saa nzima hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakaa mpaka jua lizame, na Jumapili ijayo nitakaa tena, na nyingine tena, mpaka barua ya kustaafu inikute palepale.

Aliyesogea ni Upendo, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii ya surua inavuja wapi?"

Nikamwambia. Mtoto anaweza kupata joto baada ya wiki moja hivi, pengine na vipele kidogo. Na sindano moja haiwashiki watoto wote, ndiyo maana kuna ya pili akifikisha mwaka mmoja na nusu. "Usiporudi kwa hiyo ya pili," nikasema, "tutakuwa tumefanya kazi nusu. Sikwambii umemaliza."

Akamshusha mtoto mgongoni. "Lakini yuko peke yake. Si mtasema nisubiri wafike kumi?"

Swali hilo lilinichoma, maana akina mama wanatujua. Kichupa cha surua kinatosha watoto kumi, na kikishafunguliwa, baada ya muda wa saa sita kinachobaki ni cha kutupa. Wauguzi wengi, nami nikiwemo miaka ya nyuma, humrudisha mama mwenye mtoto mmoja ili dawa isipotee. Wanangu, msifanye hivyo. Mama aliyerudishwa leo anaweza asiwe na nafasi kesho. Nilichukua kichupa, nikakifungua mbele yake, nikachanganya dawa kwa ajili ya mtoto mmoja. Nikamchoma, akalia kwa sauti iliyofika mwaloni. Kilio hicho kikawasogeza wengine kuja kuangalia, na mpaka nafunga meza nilikuwa nimetumia dozi sita. Nne nilizitupa bila kujuta.

Mzee Danstan alikuja mwisho. Alivuta kiti chake mpaka mahali pale pale pa mwanzo, lakini hakupandisha mkono wa shati.

"Nikiugua tena?"

"Unaweza kuugua tena."

"Na kopo ni lipi?"

"Ukianza tu kukohoa usingoje siku ya tatu. Tuma mtu siku hiyo hiyo, nitakuja kukupima, na sukari pia."

"Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri," akasema, ndipo akafungua kifungo.

Siwezi kuwaambia kwamba kijiji kizima kilifuata. Wako waliokataa mpaka leo, na nikikutana nao tunasalimiana vizuri na ninawakumbusha, nao wananiambia nimeshastaafu nikapumzike. Lakini watoto walirudi kliniki. Kwa hiyo mkiulizwa kama chanjo ya zamani inafaa kitu mbele ya kirusi kipya, msikimbilie kuapa na msikimbilie kukasirika. Waambieni inapovuja kabla maji hayajaingia, waambieni inaposhika, waonyesheni la kufanya wakiugua, halafu kesho yake rudini. Mkifukuzwa rudini tena. Viatu vitaisha, mtanunua vingine.

Masika yaliyofuata korona ilipita tena kwetu. Mzee Danstan alianza kukohoa Jumatatu asubuhi na kabla ya saa sita nilikuwa na mjumbe mlangoni. Nikaenda, nikampima, nikampa maelekezo, nikarudi kila siku. Alilala siku tatu. Siku ya tano niliiona boti yake ikipita mbele ya zahanati kuelekea Lundo, na mtu amekaa kwenye nafasi yangu anachota.

Wiki hiyo kulikuwa na siku ya kliniki. Upendo alikuja na kadi mkononi, mtoto sasa anatembea na anataka kuvuta kila kilicho mezani. Alikuwa ametimiza mwaka mmoja na nusu, amekuja kwa sindano ya pili ya surua. Nilipokuwa naandika kwenye kadi, Upendo akasema, "Mama, babu amenituma salamu."

"Salamu gani?"

"Amesema imevuja palepale ulipomwonyesha."